Ila

Kwanza niliomba kwa simu. Mashine
ikaniambia nibonyeze moja, nibonyeze nne,
kisha ikanipigia zumari hadi chai ikafanya utando.

Kisha nikaomba kwa barua, kwa mkono, herufi kubwa,
kama nilivyoandika jina langu kwenye soksi kambini:
MWAKIO, G. Naomba nakala ya yale
daktari wa mkataba aliyoandika juu ya goti langu,
mgongo wangu, na nyenje wanaolia sikio la kushoto
tangu barabara iliponyanyuka chini ya lori letu.

Wakajibu: ombi halina sahihi.
Nikatia sahihi.
Wakajibu: faili haliko kwetu, liko kwa mkandarasi.
Mkandarasi akasema: sisi hupima tu, karatasi si zetu.
Goti ni langu. Maumivu ni yangu.
Maneno juu yake ndiyo ya watu.

Uchunguzi wenyewe ulichukua dakika kumi na moja.
Najua, saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu,
katika chumba cha kukodi juu ya duka la miwani
hapa Lowell, theluji ikiyeyuka viatuni
na kulowesha zulia lao.
Alikuwa kijana mpole. Alishika kipimapembe cha plastiki
kama kile cha mkebe wa hesabu, darasa la sita,
akanikunja goti, akasoma digrii, akachapa.
Hakunitazama usoni ila mara moja.

Bi Thibodeau wa dirisha la tatu alinionea imani.
Kuna fomu nyingine, alisema, ya rangi ya maziwa.
Sokhom Prak, aliyekuwa mwanamaji, anayenipa lifti
kwa kuwa siwezi tena kukanyaga klachi,
alicheka mpaka akakohoa:
yeye alingoja miezi saba, akaletewa kurasa arobaini
za mwanamke wa Ohio, mjamzito.
Alizirudisha. Hadi leo hujiuliza
kama alijifungua salama.

Zangu zilikuja Machi. Bahasha nyembamba.
Nilisoma jikoni nimesimama, maana kukaa
ni safari, na kuinuka ni nyingine.

Ukurasa wa pili, mstari wa kwanza:
*Askari mstaafu anasema hajambo.*

Basi nikakumbuka. Mkono wake bado kwenye kitasa,
aliuliza, habari za leo? Na mimi, mtoto wa mama yangu,
nikajibu kama nilivyofunzwa:
nzuri.

Kwetu hata mwenye homa ya siku tisa, akijuliwa hali,
husema nzuri kwanza.
Hata mfiwa, matanga hayajaanuliwa.
Nzuri ni kufungua mlango tu.
Kisha mtu huvuta pumzi, akasema ila.
Ila usiku silali.
Ila ngazi nazishuka kwa makalio, kama mtoto.
Ila binti yangu akibamiza mlango
najikuta chini ya meza, nimemkumbatia mbwa.
Anayekujulia hali hukaa akaingoja hiyo ila.
Ndiyo aliyoijia.

Daktari hakungoja. Alishachapa.

Garini Sokhom aliniuliza neno hilo lina maana gani.
Nikamwambia: ni lakini. Ni isipokuwa.
Vilevile ni kasoro, doa kwenye kitu kizuri;
mtu asiye na lawama, twasema hana ila.
Akaendesha kimya hadi darajani.
Neno la herufi tatu, akasema,
limekula asilimia thelathini yako.

Fomu ya rufaa ina mistari mitatu ya maelezo ya ziada.
Niliijaza, nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma,
pembezoni, hadi juu ya nembo yao.
Bi Thibodeau alipiga muhuri bila kusoma,
foleni ikiwa ndefu, kisha, kwa wema tu,
akainua macho akaniuliza habari za leo.

Nikavuta kiti.